Pazia la mpira: namna ya kulitenga jino kabla ya kutibu mzizi wake

Kisindano cha kusafishia mzizi wa jino kina urefu wa milimita 21 au 25, na kishikio chake cha plastiki ni kidogo kama punje ya mahindi. Kikiponyoka kwenye vidole vilivyolowa mate kinaangukia ulimi, na ulimi ukiguswa ghafla husukuma nyuma. Yalinikuta hayo mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa natibu gego la chini la kijana mmoja, nimezungushia pamba tu, kisindano kikateleza. Kijana akakohoa, kikarudi shavuni, nikakinyakua kwa koleo. Hakuumia. Lakini siku nzima niliwaza ingekuwaje kama angevuta pumzi badala ya kukohoa.

Tangu hapo sifungui mzizi wa jino bila pazia la mpira. Nawaandikia madaktari wa meno wanaoanza kazi, wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na wasaidizi wanaosimama upande wa pili wa kiti, kwa sababu pazia ni kazi ya watu wawili.

Pazia lenyewe ni kipande chembamba cha mpira, cha mraba, kilichotobolewa tundu. Jino linachomoza kwenye tundu, klampu ya chuma inalibana pazia shingoni mwa jino, na fremu inalitandaza mbele ya mdomo. Ulimi, mashavu, mate na koo vinabaki nyuma. Aliyelianzisha ni Sanford Christie Barnum, daktari wa meno wa New York, mwaka 1864. Zaidi ya miaka 160 imepita, na bado kuna vyumba vya tiba ambako boksi la mapazia limekaa kabatini halijafunguliwa. Ukiuliza utaambiwa linachelewesha kazi. Ni kweli, mapazia yako kumi ya mwanzo yatakuchelewesha. Mkono ukishazoea, ni dakika mbili tatu, na dakika hizo unazirudisha zote kwa kutobadilisha pamba kila mara na kutomsubiri mgonjwa ateme.

Kumeza vifaa ni sababu moja tu. Nyingine ni dawa. Tunasafisha mifereji ya mzizi kwa sodiamu haipokloraiti, dawa ya jamii ileile ya maji ya kung'arishia nguo, kwa nguvu ya kati ya asilimia 0.5 na 5.25. Inaua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyokufa, na ikivuja haichagui: inaunguza ufizi, ulimi na koo vilevile. Sababu ya tatu ndiyo ya msingi kuliko zote. Mgonjwa wa mzizi anaumwa kwa sababu ya bakteria walioingia ndani ya jino, na mate yamejaa bakteria. Ukisafisha mfereji huku mate yanaingia, unatwanga maji kwenye kinu.

Sisemi kila jino linalozibwa lazima lifunikwe. Mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono na glasi ayonoma (aina ya simenti ya kuzibia meno), bila mashine, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na pamba zinaitosha kabisa. Imewafaa watoto wengi wa shule ambao wasingefikiwa na kiti cha umeme cha daktari wa meno. Kompositi, ule ujazo wenye rangi ya jino unaogandishwa kwa gundi, ni habari nyingine. Gundi yake haishiki kwenye unyevu, kwa hiyo pazia linaisaidia sana. Kwa tiba ya mzizi, mimi sioni mjadala.

Anza na mgonjwa, si na vifaa

Uliza kwanza kuhusu mzio wa mpira, na usiulize kwa neno hilo peke yake, maana wengi watajibu "sina" kwa kutojua unachouliza. Uliza kama amewahi kuwashwa au kuvimba midomo baada ya kupuliza baluni, kuvaa glavu au kutumia kondomu. Uliza pia kama anawashwa mdomo akila ndizi, parachichi au papai: protini za matunda hayo zinafanana na za mpira wa asili, na mwenye mzio wa kimoja anaweza kuwa na mzio wa kingine. Waliofanyiwa upasuaji mara nyingi tangu utotoni, kama waliozaliwa na mgongo wazi, wako kwenye hatari zaidi. Jibu likikutia shaka, tumia pazia lisilo na mpira wa asili, la silikoni au naitrili, na glavu za aina hiyohiyo. Adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, iwe chumbani, na kila mmoja ajue droo ilipo.

Kisha mwambie afunge mdomo apumue kwa pua kwa dakika moja huku ukimwangalia. Mwenye mafua makali, au ambaye pua imeziba siku zote, hawezi kutulia chini ya pazia. Mpange siku nyingine, au kama ni dharura umkatie tundu la kupumulia pembeni ya pazia, mbali na jino.

Halafu eleza. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu, tunamfunika mtu uso bila kumwambia kitu, kisha tunasema wagonjwa hawapendi pazia. Mama mmoja wa makamo alikuja na jino namba 36, gego la kwanza la chini kushoto, limemsumbua wiki tatu. Nilimwonyesha pazia mkononi, nikamwachia alishike.

"Shikamoo mama. Hiki ni kipazia cha mpira, nitakiweka mbele ya mdomo ili dawa na maji visiende kooni."

"Marahaba, daktari. Sasa nitapumua vipi?"

"Kwa pua, mama, kama ulivyofanya sasa hivi. Na mate utameza kama kawaida, nyuma ya pazia."

"Na nikitaka kukohoa?"

"Inua mkono wa kushoto. Naacha kila kitu."

Nasema wa kushoto kwa sababu mimi hukaa kulia kwa mgonjwa, na mkono wake wa kulia ukiruka juu unaweza kugonga mashine inayozunguka. Mama yule hakuinua mkono hata mara moja. Katikati ya kazi alipitiwa na usingizi, na si yeye peke yake. Mtu akishajua kwamba hakuna kitakachomwangukia kooni, mwili wote unalegea.

Andaa jino

Ganzi kwanza, na usisahau ufizi wa upande wa ndani. Mara nyingi jino linakuwa limekufa ganzi vizuri lakini klampu inauma ufizi ambao haukuguswa na sindano, na mgonjwa atakumbuka maumivu hayo kuliko kitu kingine chochote.

Ondoa ugaga shingoni mwa jino, pitisha uzi wa meno kila upande. Uzi ukikwama au ukichanika, pazia nalo litachanika palepale. Lainisha ukingo uliochongoka kabla ya kuendelea. Ondoa uozo wote na ujazo wa zamani unaovuja. Kama ukuta wa jino umebomoka hadi kwenye ufizi, ujenge kwanza kwa glasi ayonoma au kompositi. Ukuta huo unaishikilia klampu na pia unazuia mate yasipenye kati ya miadi na miadi.

Kisha weka alama kwa kalamu juu ya jino unalotibu. Pazia likishawekwa huoni tena mdomo mzima, unaona jino moja jeupe kwenye uwanja wa kijani au wa bluu, na ni rahisi kuliko unavyodhani kuchimba la jirani. Kwa jino lililopinda, lenye kofia, au ambalo chumba chake cha ndani, mifereji inakoanzia, kimejaa chokaa, baadhi ya wakongwe huanza kufungua kabla ya pazia ili waone mwelekeo wa mizizi, kisha wanaweka pazia kabla kisindano cha kwanza hakijaingia. Nakubaliana nao, mradi hilo la mwisho lisivunjwe.

Chagua klampu

Nakaa zaidi hapa kwa sababu pazia linaloshindikana, mara nyingi kosa ni la klampu.

Klampu ina taya mbili na upinde unaoziunganisha. Nyingine zina mabawa pembeni mwa taya, nyingine hazina. Namba zimechapwa kwenye chuma. Kwa magego madogo, namba 2 au 2A. Kwa magego ya chini, namba 7. Ya juu, namba 8. Likiwa kubwa, 14. Herufi A kwenye 8A na 14A ina maana taya zimeelekezwa chini kufuata ufizi, na hizo zinafaa jino lililobomoka au ambalo halijachomoza lote. Kwa meno ya mbele kuna namba 9, yenye pinde mbili kama kipepeo. Ukiwa huna uwezo wa kununua seti nzima, anza na 2A, 8A, 14A na 9. Utatibu meno mengi sana kwa hizo nne.

Kabla klampu haijaingia mdomoni, ifunge uzi. Kata uzi wa meno kama sentimita 40, pitisha kwenye tundu la taya moja, zungusha kwenye upinde, pitisha kwenye tundu la taya ya pili, kisha funga. Usifunge tundu moja tu. Klampu inapokatika hukatikia kwenye upinde, na kama umefunga upande mmoja, nusu iliyobaki haina kitu kinachoishika. Ncha za uzi zining'inie nje ya mdomo muda wote.

Sasa ijaribu kwenye jino bila pazia. Ishike kwa koleo yake, ifungue kiasi cha kupita kwenye tumbo la jino na si zaidi, ianzishe upande wa ulimi, kisha ishushe upande wa shavu. Taya ziguse jino kwa ncha zote nne, chini ya tumbo la jino, bila kuuma ufizi. Achia koleo lakini usiondoe kidole mpaka uhakikishe. Bonyeza upinde kwa kidole: ikicheza kama kiti chenye mguu mfupi, ina ncha tatu tu zilizoshika, na itaruka wakati usioutaka. Badilisha. Usijidanganye kwamba itatulia pazia likishawekwa, maana mvuto wa mpira ndio utakaoichomoa.

Upinde uelekee nyuma ya mdomo, ili usikuzuie mkono.

Toboa na tandaza

Kwa mtu mzima tumia pazia la sentimita 15 kwa 15. Kwa mtoto, lile dogo la 12.5. Unene wa kati ni milimita 0.2, mzito ni 0.25. Kwa tiba ya mzizi napendelea mzito: unabana shingo ya jino vizuri na hauchaniki ovyo. Upande usiong'aa uukabili wewe, ili mwanga wa taa usikurudie machoni.

Kwa tiba ya mzizi unahitaji tundu moja tu. Weka pazia juu ya fremu, likadirie mbele ya uso wa mgonjwa, utie nukta mahali jino lilipo. Magego yanahitaji tundu kubwa, chonge na magego madogo tundu la kati, meno ya mbele ya chini tundu dogo kabisa. Toboa kwa mkato mmoja, kisha livute tundu kwa vidole ukiliangalia kwenye mwanga. Ukiona kamkia hata kadogo pembeni, tupa, toboa lingine. Kamkia hako ndiko patakapochanika.

Kwa kujaza kompositi kati ya meno mawili, funua meno matatu au zaidi, na uache milimita 3 hadi 4 za mpira kati ya tundu na tundu. Mpira ukiwa mwembamba mno katikati utavuja. Ukiwa mpana utajikunja na kukuziba.

Njia ninayowafundisha wanaoanza ni ya mabawa, kwa sababu kila kitu kinaingia mdomoni kwa safari moja. Paka kidogo jeli ya maji upande wa ndani wa tundu. Usitumie mafuta ya mgando. Mafuta ya petroli yanaulegeza mpira wa asili. Ingiza mabawa ya klampu kwenye tundu ili pazia likae juu yake, tandaza kwenye fremu bila kulivuta sana, kisha ishike klampu kwa koleo. Msaidizi avute shavu na anyonye mate. Wewe chungulia jino kupitia katikati ya taya, shusha klampu upande wa ulimi, halafu wa shavu, kama ulivyofanya wakati wa kujaribu. Ikishatulia, chukua kifaa chenye ncha bapa, sukuma mpira utoke juu ya mabawa ukae chini yake. Utausikia ukiruka, tap, na utaona ukingo wake umekumbatia jino.

Pitisha uzi wa meno kila upande ili mpira ushuke kati ya meno. Puliza hewa shingoni mwa jino huku ukiukunja ukingo wa mpira uingie kuelekea kwenye ufizi. Ukingo uliokunjwa ndani ndio unaozuia mate. Mwisho, nyoosha fremu. Makali ya juu ya pazia yawe chini ya pua kabisa, yasiiguse. Weka kitambaa au shashi kati ya mpira na ngozi ya shavu, maana joto letu na jasho likikutana na mpira kwa saa nzima mgonjwa atawashwa. Kifyonza mate kipite chini ya pazia.

Hakikisha halivuji

Mwaga maji kidogo juu ya pazia kuzunguka jino, subiri, muulize mgonjwa kama anahisi maji mdomoni. Atikise kichwa tu. Fanya hivi kwa maji. Usiache dawa ndiyo ikuambie kwamba pazia linavuja.

Ukiona pengo dogo, lizibe kwa mpira maalumu wa kuzibia kama unao. Kama huna, tepu nyeupe ya fundi bomba, ile wanayozungushia kwenye nyuzi za paipu, iliyopitishwa kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), inasokotwa na kusukumwa shingoni mwa jino kwa kifaa bapa. Simenti ya muda nayo inafaa. Pengo likiwa kubwa usilibembeleze: toa pazia, weka jipya.

Kabla ya kufungua chumba cha jino, futa jino, klampu na mpira unaolizunguka kwa haipokloraiti au klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu. Usizikutanishe hizo mbili bila kusuuza katikati. Zikichanganyika hutoa mashapo ya kahawia yanayoziba mirija midogo ya jino na kuliachia doa.

Wakati wa kazi

Usilitoe pazia kwa ajili ya eksirei. Fremu ya plastiki haileti kivuli kwenye picha. Ya chuma unaichomoa upande mmoja, unaingiza filamu, unairudisha. Nimeona madaktari wanaolitoa lote kwa ajili ya picha ya kupima urefu wa mfereji, visindano vikiwa bado ndani ya jino. Huo ndio wakati pazia linahitajika zaidi.

Usimuulize mgonjwa maswali ya maneno. Muulize ya kuitikia kwa kichwa, na umwambie mara kwa mara umefika wapi.

Klampu ikiruka, ivute kwa uzi wake, tulia, anza upya. Na ikiwa kitu chochote kimepotea mdomoni, kisindano au kipande cha klampu, usimwinue mgonjwa ghafla wala usianze kutafuta sakafuni kwa matumaini. Mgeuze kichwa upande, mwambie asimeze, nyonya na uangalie kwa taa. Kisipoonekana, mpeleke kupigwa picha ya kifua na tumbo siku hiyohiyo, hata kama anasema hajisikii vibaya. Akikohoa mfululizo au akipumua kwa sauti, hiyo ni dharura ya hospitali.

Kulitoa

Jino lizibwe kwanza, hata kama ni ziba ya muda. Nyonya maji yote juu ya pazia. Kama ulitoboa tundu moja, fungua klampu kwa koleo, inua klampu, pazia na fremu kwa pamoja. Kama matundu ni mengi, vuta mpira kuelekea shavuni, ingiza kidole chini yake kulinda mdomo, kata vipande vya kati kwa mkasi, ndipo utoe.

Sasa litandaze pazia juu ya trei ulikague. Unganisha kingo zilizokatwa kama unavyounganisha karatasi iliyochanika. Kikikosekana kipande, kiko kati ya meno au chini ya ufizi, na usipokiondoa leo mgonjwa atarudi ufizi umevimba. Pitisha uzi, kitafute. Sugua ufizi kwa kidole kwa sekunde chache damu irudi, mwache mgonjwa asukutue, ndipo upime namna meno yanavyokutana.

Pazia ni la mgonjwa mmoja. Halioshwi. Klampu, koleo, kitoboleo na fremu ya chuma hupigwa brashi kwenye maji ya sabuni, hukaushwa, kisha otoklevu kwa nyuzi joto 134 za Selsiasi dakika zisizopungua 3, au 121 dakika 15. Fremu ya plastiki fuata maelekezo ya aliyeitengeneza. Kila klampu inaporudi kabatini itazame upinde wake kwenye mwanga: ikiwa na ufa, au taya zimebaki wazi kuliko zilivyokuwa mpya, itupe.

Na kwenye faili la mgonjwa, mbele ya namba ya jino, andika namba ya klampu iliyoshika. Akirudi wiki ijayo kujaziwa mifereji, msaidizi ataiweka kwenye trei, imeshafungwa uzi, kabla hujavaa glavu.